Mstari wa Nne

Kanisani kwetu, mtu akikuuliza uliokoka lini, hataki hadithi. Anataka siku, mwezi na mwaka. Fomu ya ubatizo ina mistari kumi na miwili, na ule wa nne umepigwa wino mwekundu: Tarehe ya kuokoka. Chini yake, kwa herufi ndogo, kuna mahali, na jina la aliyekuongoza sala. Asiyejaza mstari wa nne habatizwi, na asiyebatizwa hashiriki Meza ya Bwana. Mkate ukipita kwenye benchi lake, anaupokea, anampa jirani, kisha anainama na kutazama viatu vyake.

Mama Pindo alikuwa ametazama viatu vyake kwa miaka miwili.

Alikuwa fundi cherehani, mjane wa miaka sitini na moja, na tulimwita hivyo kwa sababu hakuna kitambaa kilichopita mbele yake bila kukunjwa pindo, hata mapazia ya kanisa. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita. Kwa mpangilio wa darasa la uanafunzi, mimi ndiye niliyekuwa mlezi wake. Nilikuwa namfundisha sala mwanamke aliyeanza kusali kabla mama yangu hajazaliwa. Yeye jambo hilo lilimchekesha. Mimi lilininyima raha.

Alhamisi moja alikuja kazini kwangu. Ninafanya kazi masijala ya hospitali, chumba kirefu chenye rafu za mafaili mpaka darini na dirisha dogo la kupokelea watu. Alipenyeza uso wake dirishani.

"Mama mlezi, una wagonjwa wangapi humo ndani?"

"Humu hakuna wagonjwa, mama. Kuna makaratasi yao tu."

"Basi afadhali. Makaratasi hayakohoi." Akacheka, lakini mkono uliokuwa umeshika bahasha haukucheka. "Nimeitwa tena. Jumamosi, saa tatu asubuhi."

Nilijua. Barua ile niliiandika mimi mwenyewe, kwa sababu mimi pia ni karani wa kamati ya ubatizo. Ilikuwa mara yake ya tatu kuhojiwa, na kanuni zilikuwa wazi: anayeanguka mara ya tatu anarudi darasani kuanza upya, miezi tisa.

"Miezi tisa, mwanangu! Watu wanapata mtoto hapo." Akaegemea dirisha, akapunguza sauti. "Sasa nitawaambia nini? Mara ya kwanza niliwaambia nimempenda Yesu tangu niko mdogo. Wakasema kumpenda siyo kuokoka. Mara ya pili nikajikaza nikasema, labda ni siku ile mume wangu alipokufa, maana niliomba mpaka sauti ikakauka. Wakaniuliza, kabla ya siku hiyo ulikuwa humjui? Nikawaambia nilikuwa namjua, ndiyo maana nilimlilia yeye. Wakaandika sieleweki."

Neno hilo, "haeleweki", niliandika mimi. Mwandiko ni wangu.

"Nisaidie," akasema. "Wewe umesoma. Nipe tarehe."

Hapo ndipo nilipopaswa kumwambia kwamba mimi mwenyewe sina.

Nililelewa na shangazi yangu, mkunga mstaafu, mtu asiyekosa ibada hata akiwa na homa. Sikumbuki siku ambayo sikuwa nikiomba. Nilipokuwa na miaka ishirini na moja, niko chuoni, nikapewa fomu, nikafika mstari wa nne nikakaa nao siku tatu. Wenzangu walieleza moto kifuani, machozi, mzigo uliodondoka ghafla. Mimi nilijichunguza kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Sikupata kitu. Mwishowe nikaandika Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane, semina ya uwanjani, kwa kuwa nilikuwa nimeliona tangazo lake na nilisikia watu wengi waliokoka huko. Aliyeniongoza sala: mhubiri mgeni. Siku yenyewe nilikuwa bwenini nafua.

Tangu hapo, kila mwaka ikifika tarehe ile, shangazi anapika, anaita majirani, anamshukuru Mungu kwa ajili yangu. Miaka mitano nimeula uongo wangu kwa mchuzi. Na kila jioni nimekuwa nikiomba ombi lilelile: Bwana, nipe siku yangu, hata kama ni saa moja tu, niifute ile niliyoiandika. Hakunijibu. Nikawa nalea wanafunzi, nawafundisha kuwa na uhakika, halafu narudi chumbani kwangu nikiwa sijui kama mimi ni wa nyumba ile au ni mgeni aliyezoeleka.

Basi Mama Pindo alipoomba tarehe, nikampa niliyokuwa nayo. Ilinitoka kinywani haraka kama namba yangu ya simu.

"Sema Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane, miaka mitano iliyopita. Semina ya uwanjani. Aliyekuongoza ni mhubiri mgeni."

"Lakini mimi sikwenda huko."

"Watu walikuwa wengi, mama. Nani atajua?"

Akanitazama. "Na Mungu?"

"Mungu anaujua moyo wako."

Nililisema kwa sauti yangu ya darasani, ile ya upole ambayo watu huipenda. Akaniamini. Akatoa kijitabu chake cha vipimo, akaiandika tarehe yangu chini ya kiuno cha mteja fulani, akaenda zake akiisoma kimoyomoyo.

* * *

Kamati ilikaa katika chumba cha watoto, kwa kuwa ofisi ilikuwa inapakwa rangi. Ukutani kulikuwa na picha za kondoo waliochorwa na watoto, wengine wenye miguu mitano. Nyuma ya meza walikaa watatu. Katikati alikuwa Mkaguzi, mwenyekiti mpya tangu mwanzo wa mwaka. Alikuwa amestaafu ukaguzi wa shule, lakini ukaguzi wenyewe ulikuwa haujamstaafu. Kulia kwake Mchungaji, mtu wa maneno machache. Kushoto, shangazi yangu, miwani puani, mkoba magotini. Mimi nilikuwa mwisho wa meza na daftari la mihtasari.

Mama Pindo alikaa mbele yao kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa amevaa gauni jipya la bluu. Nilijua alilishona kwa ajili ya siku hii, na nikaona aibu kulitazama.

"Mstari wa nne," akasema Mkaguzi baada ya sala. "Safari hii tunao?"

"Tunao, mzee."

Akaisema. Siku, mwezi, mwaka, mahali, mhubiri mgeni. Hakukosea hata neno. Aliisema kama mtoto anayesoma ubao.

Shangazi akatabasamu. "Haya! Sasa kwa nini ulituficha muda wote huo?"

Mkaguzi hakutabasamu. Akainama, akafungua begi lake la ngozi, akapekua humo shajara zake za miaka iliyopita, akatoa moja kuukuu yenye jalada jeusi. Akalamba kidole, akafunua taratibu. Karatasi zilisikika chumba kizima. Mwaka uliochapwa kwenye jalada ulikuwa uleule niliompa Mama Pindo.

"Rudia tarehe, mama."

Akarudia.

"Hali ya hewa ilikuwaje?"

Mama Pindo akanitupia jicho, mara moja tu. "Ilikuwa ya kawaida, mzee."

"Ya kawaida." Mkaguzi akageuza shajara ili Mchungaji aone. "Mimi nilikuwa mratibu wa semina hiyo. Ijumaa iliyotangulia upepo uling'oa hema lote. Tukaahirisha wiki nzima. Yule mhubiri alikaa kwangu siku nane, akamaliza mayai yangu yote. Jumamosi hiyo uwanjani nilikuwapo mimi na mafundi wawili wa hema. Wewe sikukuona."

Nje mtu alikuwa anafagia, na ufagio wake ukawa unakwangua, unakwangua.

"Nani alikupa tarehe hii?"

"Ni yangu, mzee."

"Mama, nimekagua shule miaka thelathini na moja. Jibu la kunakili nalijua kwa harufu."

"Ni yangu," akasema tena, akiwa anazitazama nyuzi za gauni lake.

"Mkaguzi, subiri kwanza." Shangazi alikuwa amevua miwani. "Hiyo shajara yako itakuwa na kasoro. Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane ndiyo tarehe ya huyu binti yangu. Hapo hapo uwanjani, mhubiri huyo huyo. Kila mwaka tunaisherehekea, nawe umewahi kuja ukala! Huyu ana ushahidi. Muulize."

Wote watatu wakanigeukia.

"Karani," akasema Mkaguzi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na shaka. Alikuwa mzee, na shajara ni karatasi tu. "Ulikuwapo?"

Nililiona lote kwa mpigo, wazi kama faili lililofunguliwa. Nikisema ndiyo, Mkaguzi atarudisha shajara kwenye begi. Atadhani uzee umeanza kumcheza. Mama Pindo atabatizwa Jumapili. Shangazi atavaa miwani yake. Neno moja, na kila mtu aende nyumbani kwa amani. Nikisema hapana, sijui kitabaki nini.

Kabla sijafungua mdomo, Mama Pindo akasimama.

"Mwacheni mtoto. Nimesema uongo mimi. Sikwenda huko. Naomba Mungu anisamehe, na ninyi pia, na niandikeni kwamba nimeanguka, yaishe."

Mkaguzi akashusha pumzi kama mtu aliyerudishiwa kilicho chake. "Basi. Karani, andika. Ameanguka, kwa kudanganya kamati."

Hata sikuulizwa tena. Mlango wa tatu ulikuwa umefunguliwa, mzuri kuliko yote. Nilitakiwa nikae kimya tu, niandike. Mwandiko wangu ni mzuri. Nikaweka kalamu kwenye karatasi na kuandika herufi ya kwanza, kisha kalamu ikasimama. Ndani yangu nikasema, Bwana nishike, Bwana usiniache, kama ninavyosema daktari mkali anapogonga dirisha la masijala, kama nilivyosema usiku wa mitihani, kama nilivyosema nikiwa na miaka minne nimefungiwa stoo kwa bahati mbaya.

"Siwezi kuandika hivyo," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo mno. Mkaguzi akaweka mkono sikioni. "Umesema?"

"Siwezi kuandika, mzee. Tarehe hiyo nilimpa mimi. Alhamisi, kazini kwangu. Alikataa, nikamwambia hakuna atakayejua." Nikashindwa kuinua macho, basi nikazungumza na daftari. "Na mimi sikuwapo uwanjani. Nilikuwa bwenini nafua. Niliiandika kwenye fomu yangu kwa sababu sikuwa na nyingine. Shangazi, nisamehe."

Niliposema shangazi nikamtazama. Uso wake haukuonyesha hasira. Ulikuwa kama wa mtu aliyeitwa kwa jina barabarani, akageuka, asimwone aliyemwita.

"Miaka mitano," akasema polepole. "Nimesimama mbele ya watu miaka mitano."

"Ndiyo, shangazi."

"Ukiwa umekaa pale. Unakula."

Mama Pindo akakaa chini kwenye kiti chake, akajifunika mdomo.

Mkaguzi alikifunga kifuniko cha kalamu yake. Nilitegemea anipigie kelele, na ningependa apige. Badala yake aliuliza kwa sauti ya chini kabisa, swali nililolikimbia tangu chuoni.

"Kwa hiyo wewe hujaokoka?"

"Sijui lini, mzee."

"Sikuuliza lini."

Ni kweli, hakuuliza lini. Yeye mwenyewe alionekana kushtuka kidogo kwamba hakuuliza. Nikatafuta jibu la darasani, nikakuta yote yamekauka. Kilichobaki kilikuwa kile kilichotokea dakika ile.

"Sasa hivi, ulipoingoja kalamu yangu, niliogopa," nikasema. "Na nilipoogopa sikujiuliza nimwite nani. Nilikuwa nimeshamwita. Nimekuwa nikimwita hivyo tangu sijui kusoma, na sijawahi kumwita mwingine. Sina zaidi ya hapo. Kama haitoshi, niambieni haitoshi."

"Hilo halijazi mstari wa nne."

"Najua, mzee."

Mchungaji, aliyekuwa kimya tangu sala ya kufungua, akasogeza kiti chake. Hakuzungumza nami.

"Mama Pindo. Kwa nini ulikubali?"

"Njaa, Mchungaji."

"Njaa ya nini?"

"Ya meza." Akatoa leso, akaikunja pembeni, akaikunjua. "Nyumba yangu haina mtu. Nikishona, nazungumza naye. Nikikosea kukata, namlaumu. Halafu Jumapili mkate unafika mkononi mwangu, na ninaambiwa nimpe mwenzangu kwa sababu sikumbuki tulikutana wapi. Hata siku yangu ya kuzaliwa siijui, Mchungaji. Mama yangu alisema ilikuwa wakati wa baridi. Lakini mbona nipo!"

"Hilo nimeshalisikia," akasema Mkaguzi. "Kila asiye na tarehe huja na hilo. Mama mkunga hapa atuambie. Kuna mtoto anayezaliwa bila saa?"

"Hakuna," akasema shangazi. Sauti yake ilikuwa ngumu. "Kila niliyempokea nilimwandikia saa na dakika."

"Umesikia?" Mkaguzi akamwambia Mama Pindo, lakini bila furaha. "Mimi si mtu mbaya, mama. Nimeona watu wakiingia kanisani kwa mazoea, wakizeeka humo, wakifa humo, hawajui kitu. Ndiyo maana nauliza." Akawageukia wenzake. "Tupige kura. Napinga mtu kubatizwa kwa mstari mtupu, na iandikwe kwamba napinga."

"Naunga mkono abatizwe," akasema Mchungaji.

Niliandika hayo mawili, moja chini ya lingine. Ilibaki kura ya shangazi. Alikuwa ameushika mkoba wake kwa mikono miwili, na alikuwa hanitazami. Nilifikiri, sasa Mama Pindo atalipa deni langu. Nilifikiri, Bwana, usimwadhibu yeye kwa ajili yangu. Ufagio wa nje ulikuwa umenyamaza.

"Niliwaandikia saa na dakika," shangazi akarudia, kama anayejisemea, "kwa sababu saa ilikuwa mkononi mwangu mimi. Mtoto hakuwa akiangalia saa. Mtoto alikuwa akilia." Akavaa miwani. "Na wengine walizaliwa njiani, nikawakuta tayari wananyonya. Nikakisia nikaandika. Sikumrudisha hata mmoja."

Mkaguzi akaisogeza shajara yake pembeni.

"Uongo aliouleta hapa ameutubu mwenyewe, wakati angeweza kuponyoka. Abatizwe," akasema shangazi. "Na mstari wa nne uachwe wazi, karani, usiujaze kitu. Usithubutu."

Mama Pindo akaanza kulia, kwa sauti ya chini, leso yote mdomoni. Hakuna aliyemnyamazisha.

"Sasa kuhusu huyu," shangazi akaendelea, na bado hakunitazama. "Huyu hawezi kuwa mlezi wa mtu. Alimfundisha mwenzake kudanganya, tena kwa sauti nzuri. Arudi darasani akae na wanaoanza. Miezi yote tisa."

"Naunga mkono," akasema Mkaguzi.

"Naunga mkono," akasema Mchungaji, kwa huzuni.

Wakanisubiri. Nikaandika: Mlezi ameondolewa. Atarudi darasani. Kura zote tatu. Safari hii kalamu haikusimama. Nikauliza kama niwaachie daftari la karani pia.

Mkaguzi akalivuta, akaligeuza, akasoma ukurasa mzima. "Hili baki nalo kwanza. Mwandiko wa wengine wote hausomeki." Akalirudisha, akaanza kupanga vitu vyake kwenye begi. "Tufunge. Nani atatuombea?"

Kwa kawaida karani ndiye hufunga kikao, na kila mtu mle chumbani alilijua hilo. Mchungaji akatazama mikono yake. Mimi nikaangalia kondoo wa miguu mitano.

"Karani," akasema Mkaguzi. "Si ni kazi yako?"

"Nimeondolewa, mzee."

"Tumekuondoa kulea watu. Hakuna aliyekuondoa kuomba."

Tukasimama. Mama Pindo alikuja akasimama karibu nami, begani, harufu ya kitambaa kipya. Shangazi alibaki upande wa pili wa meza. Nikafumba macho na kungoja kidogo, kwa mazoea, kuona kama nitahisi kitu. Hakikuja kitu. Nikaacha kungoja.

"Bwana," nikasema, "ni mimi. Nimewadanganya hawa, na wewe ulikuwa unajua. Nilikuomba siku, hukunipa, nami nikaiba. Nisamehe. Mlinde mama huyu mpaka Jumapili, asiogope maji. Mpe mzee wetu pumziko. Na shangazi yangu, nimemuumiza, na sijui namna ya kumtibu. Nakuomba wewe. Amina."

"Amina," akasema Mama Pindo. "Amina," wakasema Mchungaji na Mkaguzi.

Nikabaki nimefumba macho, nasikiliza upande wa pili wa meza. Nilisikia mkoba ukifungwa zipu. Nilisikia kiti kikisukumwa nyuma, na hatua mbili kuelekea mlangoni, kisha hatua zikasimama.

"Amina," akasema shangazi.